Jitu si mtu mkubwa: Funzo la viambishi vya dharau katika Kipolandi

MWANAFUNZI wa Kiswahili nchini Kenya hufunzwa ukubwa na udogo wa nomino jinsi anavyofunzwa jedwali la kuzidisha katika Hisabati. Mtu, jitu, kijitu. Nyumba, jumba, kijumba. Mbwa, jibwa, kijibwa. Kisha huja swali lile lile la miaka nenda miaka rudi: andika sentensi hii katika hali ya ukubwa. Anayepachika ji- pahali pake na kulinganisha viambishi vya upatanisho hupata alama zake mbili, akafunga daftari. Hakuna anayemuuliza: ni nani husema "jitu"? Humsema nani? Na akishasema, huyo anayesemwa ameongezeka kimo ama amepungukiwa na hadhi?

Hoja yangu leo ni kwamba ufunzaji huu una kasoro, tena kasoro ya msingi. Unavichukulia viambishi vya ukubwa na udogo kuwa futikamba ya fundi, ilhali aghalabu kazi ya viambishi hivyo ni kutuonyesha msemaji anavyokichukulia kile anachokitaja: anakiheshimu, anakihurumia, anakichukia ama anakibeza. Ili nisionekane ninavutia kamba kwangu, ushahidi wangu nitautafuta mbali na pwani yetu. Nitautafuta katika Kipolandi.

Kwa nini Kipolandi? Kwanza, ni lugha isiyo na udugu wowote na Kibantu. Ni ya jamii ya Kislavi, pamoja na Kirusi na Kicheki, nayo ina wasemaji wapatao milioni 40. Sisi hutanguliza viambishi mbele ya mzizi. Wao, katika suala hili, huvitia nyuma. Lugha mbili zilizolelewa mbali hivyo zikikutana njia panda moja, mwanaisimu hana budi kusimama na kuuliza kulikoni.

Pili, Wapolandi si wageni katika taaluma ya Kiswahili. Marehemu Rajmund Ohly alifanya kazi Dar es Salaam katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na kitabu chake kuhusu nathari ya Kiswahili ya miaka ya sabini kilitoka mwaka 1981. Iwona Kraska-Szlenk wa Chuo Kikuu cha Warsaw alichapisha mwaka 2014 kitabu kuhusu maana za majina ya viungo vya mwili, na mfano wake mkuu ni Kiswahili. Ikiwa wao wamejitahidi kuichunguza lugha yetu kwa kiwango hicho, si vibaya nasi tukaichungulia yao japo kwa dirishani.

Kuinenepesha nomino

Hebu tuanze na istilahi. Katika shule za Poland, umbo la udogo huitwa "zdrobnienie", neno linalotokana na "drobny", yaani kidogo. Umbo la ukubwa huitwa "zgrubienie", kutokana na "gruby", yaani nene. Kwa hivyo mwalimu wa Kipolandi hasemi kwamba nomino imekuzwa. Anasema imenenepeshwa. Tayari hapo pana harufu ya hukumu, kwa maana kunenepa si sawa na kukua.

Msomaji anayetaka kuyatamka maneno haya akumbuke kwamba "sz" hukaribia sh yetu, "cz" ni ch, "w" ni v na "ł" ni w.

Kiambishi tamati mashuhuri zaidi cha kunenepesha ni -isko, ambacho baada ya konsonanti fulani huwa -ysko. "Pies" ni mbwa. "Psisko" ni jibwa. "Kot" ni paka. "Kocisko" ni lile paka pana linalokaa mlangoni na kukataa kukupisha. "Wilk" ni mbwamwitu, naye hugeuka "wilczysko". "Zamek" ni ngome ya kifalme, na "zamczysko" ni lingome kuukuu, la kutisha, ambalo pengine hata paa halina. Kufikia hapo mtu anaweza kusema: si ni ukubwa tu, kama wetu? Haya, tuendelee.

Kiambishi hicho kina ndugu yake mfupi, -sko. "Choroba" ni ugonjwa. "Choróbsko" je? Anayelitaja hajaupima ugonjwa kwa mizani. Huenda ni mafua ya kawaida, ila yamekaa wiki tatu na mwenyewe amechoka nayo. "Piwo" ni bia. "Piwsko" si chupa kubwa zaidi. Ni bia machoni pa mtu ambaye bia imemkera. Neno "baba" kwa Kipolandi, wasomaji wangu wasishtuke, ni mwanamke, hasa mwanamke wa shamba, na tayari lina ukavu fulani. Likivikwa -sko likawa "babsko", limekuwa tusi. Mwanamke huyo anaweza kuwa mwembamba kama ufito.

Viambishi vingine ndivyo vinavyoimaliza kabisa hoja ya futikamba. Chukua -ol. "Kibic" ni shabiki wa mchezo. "Kibol" ni shabiki mhuni, yule wa kurusha viti na kuvunja vioo. Je, ni shabiki mkubwa? La hasha. "Robotnik" ni mfanyakazi wa kiwandani ama wa mjengo. "Robol" ni mfanyakazi huyo huyo akitajwa na mtu anayejiona bora kumliko. Chukua -al: "nos" ni pua, na "nochal" ni lipua. Chukua -uch: "leń" ni mvivu, "leniuch" ni mvivu huyo akitajwa kwa kukemewa, mara nyingine kwa mzaha. "Palec" ni kidole, na "paluch" ni dole, lile linalonyooshwa usoni pa mtu bila adabu.

Na kwa kuwa safu hii husomwa na waandishi, nisiache kutaja -idło. Kiini cha kiambishi hiki, -dło, ni cha vyombo na zana: "mydło" ni sabuni, kitu cha kuoshea, na "liczydło" ni ubao wa shanga wa kuhesabia. Hakuna kashfa yoyote hapo. Lakini kitie kwenye "romans", riwaya ya mapenzi, upate "romansidło", hadithi ya mapenzi ya kubuniwa haraka haraka ili iuzwe. Kitie kwenye "wiersz", yaani shairi, upate "wierszydło", shairi bovu. Ni kana kwamba lugha yenyewe inasema: hii haikutungwa, ilitengenezwa kwa mashine. Mhakiki wa Kipolandi anaweza kukimaliza kitabu cha kurasa 400 kwa silabi mbili tu.

Mwandishi mwenyewe naye hatapona. "Pisarz" ni mwandishi, "pisarzyna" ni mwandishi uchwara. "Aktor" ni mwigizaji, "aktorzyna" ni mwigizaji asiye na lolote. Hata mimi ninayeandika haya ninaweza kuitwa "profesorzyna". Hapa kuna jambo la kushangaza kidogo, kwa sababu -ina na -yna ni viambishi vya kupunguza, si vya kukuza. "Kobiecina" ni mwanamke maskini, wa kuonewa huruma. Ina maana dharau hupitia mlango wa ukubwa na mlango wa udogo pia. Anayetaka kukushusha anaweza kukufanya jitu, anaweza kukufanya kijitu. Jambo ambalo hatakubali ni kukuacha ukiwa mtu.

Kukata mkia

Kuna mbinu nyingine ya kunenepesha ambayo itamfurahisha kila aliyewahi kufunza ngeli. Katika Kipolandi, nomino nyingi za udogo huishia kwa -ka. Neno "wódka", ambalo limekuwa jina la pombe kali dunia nzima, lilianza likiwa udogo wa "woda", yaani maji. Ni "vijimaji" basi. Sasa mlevi anapotaka kuitaja pombe hiyo kwa ukali, ama mkewe anapoilaani, -ka hukatwa, likabaki "wóda". Pombe ni ile ile na chupa ni ile ile. Kilichonenepa ni hisia. Vivyo hivyo "flaszka", chupa ndogo, hukatwa mkia na kubadilishwa konsonanti likawa "flacha". Na "łyżka", kijiko, likawa "łycha".

Si hivyo tufanyavyo nasi, ila kwa upande wa pili wa neno? Kikapu tukikivua ki- huwa kapu. Kidonda huwa donda. Kidole huwa dole. Mguu ukivuliwa m- huwa guu, na mtoto huwa toto. Wapolandi hukata mkia, sisi hukata kichwa. Mantiki ni moja: umbo lililozoeleka ndilo la adabu, na kulivua kitu ni kulivua adabu yake. Mtu hasemi "toa guu lako hapa" kwa sababu amepima mguu ule akaona umezidi kipimo.

Si kila -isko ni tusi

Nisije nikaeleweka visivyo. Kuna wanafunzi ambao wakishaambiwa kwamba kiambishi fulani ni cha dharau, hukimbilia kuona dharau kila mahali. Katika Kipolandi watajikwaa mapema. "Lotnisko" ni uwanja wa ndege, kutokana na "lot", safari ya kuruka. "Mrowisko" ni kichuguu, makao ya "mrówka", yaani chungu, wale wadudu. "Ognisko" ni moto unaokokwa nje watu wakauota pamoja. "Boisko" ni uwanja wa michezo. Maneno haya yanabeba -isko ya zamani ya Kislavi iliyotaja mahali panapotokea jambo. Nalo "nazwisko" ni jina la ukoo. Hakuna Mpolandi anayejiona ametukanwa akiulizwa "nazwisko" lake katika ofisi ya serikali, jinsi ambavyo hakuna Mkenya anayedhani kwamba jina, jiko na jiwe ni vitu vilivyokuzwa.

La pili, hata pale ambapo -isko ni ya kunenepesha, si lazima iwe ya chuki. Mpolandi akiona mbwa wa jirani ametupwa nje usiku wa barafu, anaweza kusema: "Biedne psisko zmarzło." Tafsiri ya kamusi ingetupa "Jibwa maskini limeganda kwa baridi", na msomaji wetu angejiuliza msemaji anamhurumia mbwa au anamchukia. Ukweli ni kwamba sentensi hiyo imejaa huruma. Ukubwa wa mbwa umekuwa ukubwa wa unyonge wake. Mfasiri makini angeandika "Masikini mbwa wa watu, baridi imemmaliza", akaiacha ji- kabatini.

Kadhalika "chłop" ni mwanamume wa shamba, mkulima, ama jamaa tu. "Chłopisko" laweza kuwa lijamaa la kuogofya. Lakini ongeza kivumishi "poczciwe", mwema, upate "poczciwe chłopisko": jamaa mmoja mwenye roho safi, labda mzito kidogo wa akili, lakini usiyeweza kumkasirikia. Hicho ndicho kinachonifanya niseme kwamba kiambishi peke yake hakina hatia. Hatia hutafutwa katika kinywa kilichokitamka, katika sikio lililokusudiwa, na katika uwezo ambao mmoja anao juu ya mwingine.

Watunga kamusi wa Poland wanalifahamu hilo. Pembeni mwa maneno kama haya huweka alama za matumizi: hili hutumiwa "pogardliwie", kwa dharau, hili "lekceważąco", kwa kupuuza, hili "żartobliwie", kwa mzaha, hili "pieszczotliwie", kwa kubembeleza. Ni vidokezo vifupi vyenye thamani kubwa. Kamusi zetu za Kiswahili aghalabu huridhika kusema "ukubwa wa" fulani, kazi ikaishia hapo.

Kutolewa katika ngeli ya watu

Sasa tufike kwenye kiini. Nomino ya kiume ama ya kike ya Kipolandi ikitiwa -isko kwa kunenepeshwa, kwa kawaida huhama jinsia yake ya kisarufi. "Pies" ni ya kiume na "psisko" si ya kiume wala ya kike. Ni ile jinsia ya kati. "Chłop" ni mwanamume kisarufi na kimaumbile, lakini "chłopisko" huchukua upatanisho wa kati, sawa na dirisha ama bahari, ambazo katika lugha hiyo ni za jinsia hiyo. Mtoto, "dziecko", pia yumo humo, kwa hivyo si jinsia ya matusi. Hata hivyo mwanamume mzima akipelekwa huko, kuna kitu amenyang'anywa.

Linganisha na sisi. Mtu huyu amekuja. Jitu hili limekuja. Kijitu hiki kimekuja. Neno halijabadilika peke yake. Limeburura kila kitu: kionyeshi, kivumishi, kitenzi. Sentensi nzima imetiwa sahihi kwenye cheti cha kumfukuza mtu kutoka A-WA.

Katika wingi, Kipolandi kina ukali zaidi. Mwaka 1956 mwanaisimu Witold Mańczak aliuliza katika makala yake ni jinsia ngapi zilizomo katika lugha hiyo, akajibu kwamba ni tano, wala si tatu zilizozoeleka shuleni. Sababu moja ya jibu lake ni kuwa wingi umegawanywa kwa njia ya kipekee: upande mmoja wamo wanaume walio watu, upande wa pili wamo wengine wote na vitu vyote. Wanaume wakifika, kitenzi ni "przyszli". Mbwa wakifika, "przyszły". Barua zikifika, "przyszły". Wanawake mia moja wakifika, "przyszły". Akiongezeka mwanamume mmoja katikati ya wanawake hao mia, kitenzi hugeuka mara moja kuwa "przyszli".

Niseme haki: Mpolandi anaposema wanawake "przyszły" hawatusi. Anafuata sarufi aliyoikuta, kama mimi ninavyofuata yangu ninaposema kiatu kimepotea. Lakini tazama kinachotokea mtu anapoitumia mipaka hiyo kwa makusudi. Maprofesa wamefika ni "profesorowie przyszli". Hiyo ni heshima. Atakaye kuwabeza atasema "profesory przyszły". Mzizi haujaguswa, na hakuna kiambishi cha kukuza wala cha kudogosha. Kilichofanyika ni kwamba maprofesa wametolewa katika kundi la watu wa kiume wakapangwa na mbwa na barua. Wanasarufi wa Poland wana jina la umbo hilo. Huliita umbo la kushusha hadhi, na karibu kila nomino ya mwanamume inaweza kushushwa hivyo. "Studenci" ni wanafunzi wa chuo. "Studenty" ni hao hao wakidharauliwa.

Je, sisi hatuna kitu kama hicho? Tunacho, tena bila kubadilisha nomino hata kwa herufi moja. "Kiongozi amefika" ni taarifa. "Kiongozi kimefika" ni bezo, na kila mwananchi aliyeketi kwenye jua akimsubiri mheshimiwa kwa saa nne anaielewa. Ki- ya kiongozi haina ubaya wowote, nayo sarufi sanifu humpa upatanisho wa A-WA kwa kuwa ni mtu. Msemaji akikataa kumpa upatanisho huo, amempokonya utu wake mbele ya hadhara. Fikiria basi uzito wa mchezo huo unapochezewa neno kama kipofu ama kiziwi. Mwenye cheo akiitwa "kimefika" atacheka na kupanda gari lake. Asiye na cheo atakwenda nalo nyumbani.

Udogo unaouma

Nimesema kwamba dharau hupitia milango yote miwili. Mfano ulio wazi zaidi katika Kipolandi unatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja, na ndio ulionifanya niichukue mada hii kwa uzito.

Neno la kale la Kipolandi la kumtaja mtu mweusi ni "Murzyn", lenye asili katika Kilatini "maurus". Kwa miaka mingi wasemaji wengi walisisitiza kwamba halina kashfa yoyote. Ni jina tu. Udogo wake, kwa kiambishi -ek, ni "Murzynek", na umbo hilo limo katika shairi la watoto la Julian Tuwim la miaka ya 1930 kuhusu mvulana wa Kiafrika aitwaye Bambo. Vizazi na vizazi vya watoto wa Poland vimelikariri shairi hilo. Kiambishi -ek ni cha mapenzi. Ndicho mama anachotumia kumbembelezea mwanawe. Basi mtetezi atauliza: tusi liko wapi, ikiwa mtoto ameitwa kwa upole?

Tusi liko katika kutolingana. Mtu mzima akikutana na mgeni asiyemjua na kumwita kwa umbo la kumbembelezea mtoto, hajampa mapenzi. Amejipa yeye mwenyewe nafasi ya mzazi. Wapolandi hawahitaji kufunzwa hili na yeyote, kwa kuwa wao wenyewe huchomeka wakiitwa "Polaczek", yaani Mpolandi kwa udogo. Ni kiambishi cha aina ile ile ya upole, na hakuna Mpolandi anayekipokea kwa shukrani.

Mwaka 2020, wakati maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi yalipoenea ulimwenguni, wanawake weusi raia wa Poland walianzisha kampeni ya kutaka wasiitwe tena kwa jina hilo. Mwaka huo huo mtaalamu wa lugha Marek Łaziński aliandika maoni kwa ajili ya Baraza la Lugha ya Kipolandi, akashauri kwamba neno "Murzyn" liepukwe katika vyombo vya habari, ofisini na shuleni, kwa sababu limelimbikiza maana mbaya na pia limepitwa na wakati. Wapo waliokasirika. Walisema lugha ni mali ya wasemaji, na kwamba babu zao walilitumia neno hilo bila nia mbaya.

Mimi nadhani Łaziński alikuwa sahihi, na sababu yangu ni ya kiisimu kabla haijawa ya kisiasa. Nia ya babu haisafiri pamoja na neno. Neno husafiri na matumizi yake: sentensi lililozoea kukaa ndani yake, methali lililotiliwa, vicheko vilivyolisindikiza uwanjani mwa shule. Mtoto mweusi anayeitwa Bambo na wenzake wakati wa mapumziko hasikii etimolojia ya Kilatini. Anasikia kwamba hajahesabiwa miongoni mwa wenzake.

Lakini sitaki tumalizie kwa kuwanyooshea Wapolandi paluch. Tunao ubao wetu wa kusafisha. Katika mazungumzo ya Kikenya tumekopa ka- kutoka lugha zetu za nyumbani, tukakifanya kiambishi cha kila siku: katoto, kamtu, kamama. Kamama kale kanauza mboga. Anayesema hivyo atakwambia, kwa uso mkavu, kwamba ni lugha ya mapenzi tu. Hebu na ajaribu kusema hivyo kuhusu mama wa meneja wake. Ikiwa umbo la upole lina watu fulani ambao haliwezi kuwagusa, basi hilo si la upole. Ni la madaraka.

Tufanyeje darasani?

Mosi, walimu wenzangu, tuache kulitoa zoezi la ukubwa na udogo likiwa tupu. "Andika katika ukubwa" si swali la lugha mpaka pale linapofuatwa na lingine: ni nani angeisema sentensi hii, na ana hisia gani? Mwanafunzi atakayejibu kwamba "jumba" laweza kuwa sifa, "jitu" laweza kuwa tusi, na "toto" laweza kuwa yote mawili kutegemea linavyotamkwa, huyo ameelewa kitu ambacho jedwali halimpi.

Pili, watunga kamusi waige kidokezo kile cha Wapolandi. Neno kama "janajike" halitoshi kuelezwa kuwa ni ukubwa wa mwanamke. Ni dharau kwa mwanamke, na kamusi iseme hivyo pasi na kumung'unya maneno, ili mgeni anayejifunza Kiswahili asije akalitumia kumsifu mama mkwe wake.

Tatu, wafasiri waache kubadilishana viambishi kama wabadilishanao sarafu, ji- kwa -isko na ki- kwa -ek. Swali la kwanza la mfasiri liwe: katika sentensi hii, msemaji amesimama wapi akilinganishwa na anayemsema, juu yake, chini yake ama bega kwa bega? Akishalijibu hilo ndipo atafute umbo. Huenda likawa kiambishi, huenda likawa kivumishi, huenda likawa badiliko dogo la upatanisho, kama lile la kiongozi wetu aliyefika.

Lugha kujua kudharau si dhambi yake. Pasipo uwezo huo isingejua kuheshimu pia, kwa kuwa heshima ina maana pale tu ambapo msemaji angeweza kuikosa. Nisilolikubali ni kuifunza dharau kana kwamba ni hesabu ya vipimo, halafu tukashangaa vijana wanapoitumia bila kuijua. Mpolandi akisema "profesory przyszły", anajua alichokifanya, na maprofesa wanajua walichofanyiwa. Mwanafunzi wetu naye anapoandika "jitu limekuja", na ajue hivyo hivyo.